Riwaya za Ajabu kwa Kiswahili: Mwongozo Kamili wa Kuzisoma, Kuanzia Adili Hadi Mzingile

Mtu akiuliza riwaya za Kiswahili zenye majini, mizimu, vyombo vya angani au dunia zisizokuwepo, mara nyingi hujibiwa kwamba hakuna, akasome za Kiingereza. Jibu hilo si kweli. Zipo, tena baadhi yake ni kati ya vitabu bora kabisa vilivyoandikwa kwa lugha hii. Tatizo ni namna zinavyotufikia. Nyingi tunakutana nazo darasani, zikiwa zimeshachambuliwa dhamira na maudhui kabla hatujaionja hadithi yenyewe. Mwanafunzi anaandika insha nzima kuhusu uongozi mbaya katika *Kusadikika*, wala hapati nafasi ya kustaajabu kwamba nchi yenyewe iko angani.

Mwongozo huu ni wa kuzisoma kwa raha, na kwa mpangilio. Mpangilio una uzito wake hapa. Anayeanza na *Nagona* hukifunga kitabu kurasa za mwanzo tu, akaamini kwamba Kezilahabi aliandika mafumbo ili kuwatesa watu. Akifika kwenye kitabu hicho hicho akiwa ameshapita kwa Shaaban Robert na Said Ahmed Mohamed, mlango unafunguka.

Hatua ya kwanza: beba swali moja

Kabla ya kufungua kitabu chochote kati ya hivi, chukua daftari dogo. Kila linapotokea jambo lisilowezekana katika dunia yetu (maiti kufufuka, mtu kugeuzwa mnyama, chombo kupaa hadi nchi nyingine) jiulize: nani anashangaa? Andika jina la mhusika huyo. Kama hakuna anayeshangaa, andika hivyo hivyo.

Swali ni jepesi lakini litakufikisha mbali. Mhusika akishangaa, mwandishi anakuahidi maelezo, subiri, yatakuja. Mhusika akikataa kushangaa huku wengine wote wanatetemeka, huenda unasoma hadithi ya upelelezi. Na pale ambapo hakuna anayeshangaa, hata msimulizi, usingoje ufafanuzi. Umeingia katika dunia yenye sheria zake, na kazi yako ni kuzijifunza ukiwa ndani. Wasomaji wengi hukwama kwa sababu wanangoja maelezo ambayo mwandishi hakukusudia kuyatoa kamwe.

Hatua ya pili: anza na Shaaban Robert, lakini si na kile unachokijua

Anza na *Adili na Nduguze*, kilichotoka mwaka 1952. Ni kifupi, na kisa chake kinashika tangu mwanzo. Mfalme Rai wa Ughaibuni ana liwali wake anayeitwa Adili katika mji wa Janibu. Mjumbe wa mfalme, Ikibali, anatumwa huko kufuata kodi. Usiku anamwona Adili, mtu anayesifika kwa wema, akiwacharaza viboko manyani wawili, kisha akiwahudumia kwa upole. Habari zinamfikia Rai, naye anataka kujua sababu. Kuanzia hapo Adili anasimulia: safari za baharini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, jini wa kike anayeitwa Huria, na wivu wa ndugu zake wawili.

Jaza daftari lako. Anayeshangaa ni mfalme, na mshangao wake ndio unaovuta kisa chote. Hii ndiyo hadithi ya ajabu katika umbo lake la kale, na ina undugu wa karibu na kisa kimoja cha *Alfu Lela U Lela* ambamo liwali wa Basra huwachapa mbwa wawili kila usiku. Ukipenda, soma baadaye *Alfu Lela U Lela* katika tafsiri ya Hassan Adam, uone Shaaban alichukua nini na alikiacha nini.

Kisome kwa sauti. Sentensi za Shaaban ni ndefu, zimepimwa, na nyingine zina mizani karibu na ya ushairi. Jicho peke yake huzichoka, sikio halizichoki. Usikimbilie kamusi kwa kila neno usilolijua. Pigia mstari, endelea, urudi mwisho wa sura. Utagundua pia kwamba majina yanatoboa siri mapema. Mtu akiitwa Hasidi na mwenzake Mwivu, huna haja ya kungoja kujua nani mbaya. Mwandishi amelifanya hilo makusudi: hofu ya kitabu iko katika kuona Adili atavumilia hadi wapi.

Kisha soma *Kusadikika* (1951). Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa, na malipo yao yakawa adhabu. Soma mjumbe mmoja kwa siku. Ukimfikia wa nne utahisi kwamba jambo linajirudia, na utashawishika kuruka kurasa. Usiruke. Marudio hayo ndiyo utetezi wenyewe: mjumbe mmoja akiadhibiwa mtu anaweza kusema ni ajali, lakini wakiwa sita ni desturi ya nchi. Kumbuka pia kwamba kitabu kilitoka Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na nchi ya angani ilimpa mwandishi nafasi ya kusema yasiyosemeka ardhini.

*Kufikirika*, kilichochapishwa baada ya kifo chake mwaka 1962, kina mfalme asiye na mtoto na waganga wa kila namna. Ni kizuri, lakini kinaweza kungoja.

Kama unasoma pamoja na watoto, weka hapa *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu* cha Mwingereza Lewis Carroll, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015. Watoto hushika haraka kanuni ya dunia ambayo mambo yake hayaelezwi, na watakufundisha wewe.

Hatua ya tatu: ingia kwenye vitisho kidogo kidogo

Vitisho vya riwaya zetu havina damu nyingi. Vinatokana na urithi: wafu wanataka nini kwetu, na mzazi ametuachia nini ambacho hatukukiomba. Soma vitabu vitatu kwa utaratibu huu.

Cha kwanza ni *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar, kilichotoka mwaka 1960. Kwa kweli ni riwaya ya upelelezi, ya kwanza ya mpelelezi wake, Bwana Msa. Nakiweka hapa kwa sababu kinakufundisha jinsi hofu inavyojengwa: mahali panapoogopwa, maiti, watu wasiothubutu kukaribia. Kila mtu ana jibu tayari, nalo ni mzimu. Msa, na kiko chake, ndiye pekee asiyeridhika na jibu hilo. Angalia daftari lako uone tofauti na Adili.

Cha pili ni *Mirathi ya Hatari* cha C. G. Mung'ong'o, cha mwaka 1977. Kijana msomi, Gusto, anarithishwa uchawi na baba yake. Hapa hakuna Msa wa kuja kufafanua. Uchawi umechukuliwa kama jambo linalofanya kazi, na swali linalobaki ni mtu afanye nini na mali ambayo hawezi kuikana wala kuitumia bila gharama. Kisome mchana kama u mwoga. Nasema kwa dhati.

Cha tatu ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika kundi hili: *Babu Alipofufuka* cha Said Ahmed Mohamed, kilichotoka mwaka 2001. Mhusika mkuu anaitwa K, herufi moja tu. Ana cheo, ana mali, ana kila anachokitaka. Babu yake aliyekwisha kufa anamjia. Babu huyo hatafuti kulipiza kisasi wala hataki kafara. Anamtaka mjukuu atoke naye aende akaone: akaone watu wanavyoishi chini ya utawala ambao yeye K ni sehemu yake. Kwa maoni yangu hakuna mzuka wa kutisha zaidi katika fasihi ya Kiswahili, kwa sababu unaweza kumfukuza jini anayetaka damu, ila huna dawa ya kumfukuza mzee wako anayekwambia "tazama".

Ukisoma *Babu Alipofufuka*, fuatilia jinsi K anavyojaribu kutoshangaa. Anatafuta sababu, anajidanganya, anajitia hamnazo. Andika kila kisingizio chake. Ukimaliza utakuwa na orodha ambayo ni uchambuzi bora kuliko mwongozo wowote wa mtihani. Na usikisome haraka. Lugha yake ni nzito, imejaa picha, na sura moja kwa usiku inatosha.

Hatua ya nne: panda chombo, nenda Walenisi

Kwa wapenzi wa hadithi za kisayansi, kitabu cha kutafuta ni *Walenisi* cha Katama Mkangi, kilichochapishwa mwaka 1995. Mkangi alikuwa mwanasosholojia wa Kenya, mtu wa pwani, aliyewekwa kizuizini na serikali mwaka 1986, na hayo yanasikika katika kitabu. Dzombo anahukumiwa kifo. Adhabu yake ni kutiwa katika chombo na kurushwa angani, ambako waliotangulia hawakurudi. Yeye anafaulu kukimudu chombo, kinamfikisha Walenisi, nchi ambayo mambo yake yamepangwa kinyume kabisa na alikotoka.

Usitafute hesabu za mwendo wa chombo wala maelezo ya mafuta yake. Sayansi anayoishughulikia Mkangi ni sayansi ya jamii: nani anamiliki nini, kazi inagawanywaje, watu wanaamuaje mambo yao. Hapa mshangao umegeuka. Mgeni anashangaa kila anachokiona, wenyeji hawashangai hata kidogo, na wakati mwingine wao ndio wanaomshangaa yeye kwa maswali yake. Kila mara wenyeji wanaposhindwa kuelewa swali la Dzombo, simama usome tena: pale ndipo mwandishi anapoichoma nchi ambayo Dzombo, na wasomaji wake, wametoka.

Nikiwa mkweli, sehemu za kati zina mazungumzo marefu ya kufundisha, na kasi ya mwanzo inapungua. Vumilia. Zigawe, soma kurasa kumi kumi. Safari ya chombo yenyewe, pamoja na mahakama inayoitangulia, inalipa uvumilivu wote huo.

Hatua ya tano: sasa mfungue Kezilahabi

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944 na akafariki mwaka 2020. Riwaya zake za mwanzo, kama *Rosa Mistika*, zinasimulia maisha ya kawaida kwa lugha ya kawaida. Kisha ikatoka *Nagona* mwaka 1990, na *Mzingile* mwaka 1991, na wasomaji wengi wakapotea njia. Vyote viwili ni vitabu vyembamba. Wembamba huo ndio unaowadanganya watu.

Fuata utaratibu huu.

Soma *Nagona* kwa kikao kimoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kalamu. Usisimame. Utaingia na msimulizi katika mji mkimya, utakutana na watu ambao matendo yao hayaelezeki, utasikia majina ya Plato, Marx na Darwin mahali usipoyatarajia. Hakuna anayeshangaa. Ukiwa umepita hatua za nyuma, sasa unajua maana yake: hakuna maelezo yanayokuja, acha kuyangoja. Sikiliza mwendo wa sentensi. Ni fupi na safi, maneno yake karibu yote unayajua tangu utotoni. Ugumu uko katika kuunganisha, na akili hufanya kazi hiyo yenyewe ukiiachia nafasi.

Lala. Usisome uchambuzi wa mtu.

Baada ya siku chache kisome mara ya pili, safari hii na daftari. Andika mambo matatu tu: kila mahali msimulizi anapoingia, kila anayemwambia aende mbele au arudi, na kila kitu kinachojirudia. Utaona kwamba ni hadithi ya mtafutaji. Ina mtu, ina njia, ina vikwazo, ina wazee wenye kauli za mkato, kama zilivyo ngano tulizosimuliwa jioni. Kezilahabi ameichukua ngano akaondoa yale maneno ya "basi ikawa" yanayomshika msikilizaji mkono. Ukiyarudisha mwenyewe kichwani, hadithi inatembea.

Ndipo uende *Mzingile*. Humo kuna mzee Kakulu, ambaye habari zake ni za ajabu tangu kuzaliwa, kuna safari ya kumfuata, na kuna dunia iliyoangamia, inayotaka kuanza upya. Wapenzi wa riwaya za kiama watajikuta nyumbani. Mimi naona *Mzingile* ni bora kuliko *Nagona*, kwa sababu ina huzuni ambayo mtu anaweza kuishika, lakini bila *Nagona* nyuma yake hupati nusu ya ladha.

Usijaribu kuandika "maana" ya vitabu hivi kwa sentensi moja. Kama unasoma na wenzako, mpeane kazi: kila mmoja asimulie kisa kwa mdomo kwa dakika tano, kama anayemsimulia mdogo wake. Masimulizi yatatofautiana sana, na katika tofauti hizo ndipo mtakapokionea kitabu.

Hatua ya sita: Kijiji cha Utandawazi

Ukitoka kwa Kezilahabi, *Bina-Adamu!* cha Kyallo Wadi Wamitila (2002) hakitakushinda. Mhusika anasafiri katika Kijiji cha Utandawazi, akiongozwa na sauti ya mwanamke, Hanna, huku akimtafuta P.P., anayeuendesha ulimwengu huo kwa mchezo. Kuna kejeli, kuna mandhari ya kutisha, na kasi yake ni kubwa kuliko ya *Nagona*. Wamitila aliendelea na njia hiyo katika *Musaleo!* (2004).

Hatua ya saba: vuka mpaka ukiwa na kitu mkononi

Sasa nenda kwenye vitabu vya Kiingereza, na uanze na vile vinavyotugusa. *The House of Rust* (2021) cha Khadija Abdalla Bajaber kimetungwa Mombasa: Aisha, binti wa familia yenye asili ya Hadhramaut, anaingia baharini kumtafuta baba yake mvuvi, katika mashua ya mifupa, akiwa na paka anayesema. Kilipata Tuzo ya Ursula K. Le Guin mwaka 2022, mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Aliyesoma *Adili na Nduguze* atazitambua bahari zake mara moja.

*Kintu* (2014) cha Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda kinafuata laana moja ndani ya ukoo kwa vizazi vingi. Kisome baada ya *Mirathi ya Hatari*. Kwa hadithi fupi za kisayansi na za kutisha, Mganda Dilman Dila ana *A Killing in the Sun* (2014). Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, ameandika *Binti* (2015), kuhusu msichana wa Kihimba anayeondoka kwao kwa siri kwenda chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine. Ni kifupi na kilishinda Hugo na Nebula, tuzo kubwa za hadithi za kisayansi.

Na kuna kitabu cha kale cha Mfaransa Jules Verne, *Cinq semaines en ballon* (Wiki Tano Ndani ya Puto), cha mwaka 1863, ambamo Wazungu watatu wanaruka kwa puto kutoka Zanzibar na kuivuka Afrika hadi Senegal. Kina ubunifu wa kweli na kinawadharau Waafrika waziwazi. Kisome ukiwa umeshamsoma Mkangi, umlinganishe anayekwenda nchi ngeni kujifunza na anayeipita kwa juu.

Hatua ya nane: kupata nakala

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo nenda dukani na habari kamili: jina la kitabu, mwandishi na mchapishaji. Vitabu vya Shaaban Robert ndivyo rahisi kuvipata. Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wamevichapisha. *Nagona* na *Mzingile* vilitolewa na Dar es Salaam University Press, *Walenisi* na East African Educational Publishers, *Babu Alipofufuka* na Jomo Kenyatta Foundation, *Bina-Adamu!* na Phoenix wa Nairobi. *Mirathi ya Hatari* ni cha Tanzania Publishing House na kinahitaji subira.

Kwa vile vilivyoadimika, pita kwa wauza vitabu vya mitumba wa barabarani, Dar es Salaam na Nairobi. Uliza sehemu ya vitabu vya shule, maana huko ndiko vinakofichwa. Kabla hujalipa, hesabu kurasa za mwanzo na za mwisho. Nakala za shule hupoteza majani, na *Mzingile* isiyo na kurasa za mwisho haikusaidii kitu. Nakala yenye maandishi ya mwanafunzi pembeni inunue bila kusita kama ni nzima, ila usiyasome maandishi hayo mpaka umalize.

Ukikosa kabisa, nenda maktaba ya chuo kikuu chenye idara ya Kiswahili, ukaombe kusomea humo. *Nagona* inamalizika katika alasiri moja, na umeshaambiwa kwamba mara ya kwanza inatakiwa kusomwa kwa kikao kimoja.